Sekunde Tisini na Saba

Jumatatu, 3 Machi

Chuo kimetupa daftari la kijani la kuandika kazi za kila siku, lisainiwe na mkuu wa kazi kila Ijumaa. Leo nimeandika mle: "Nimepokelewa na kuonyeshwa mazingira ya kazi." Yaliyobaki nayaleta huku, kwenye shajara yangu.

Mazingira yenyewe ni chumba kimoja ghorofani, juu ya ukumbi wa wagonjwa wa nje wa hospitali kubwa ya serikali. Mna meza tatu, kabati la seva lenye feni inayokohoa, na dirisha pana la kioo lisilofunguka, linalotazama ukumbini. Ukisimama hapo unaona vichwa vya watu mia tatu wakisubiri. Sauti ya mwanamke iliyorekodiwa inapanda kupitia sakafu mchana kutwa: "Namba mia mbili na nne, dirisha la tatu." Kufikia saa nane mchana nilikuwa siisikii tena, ila nilipofika nyumbani ilikuwa bado inaniita.

Tuko watatu. Mkuu wa kitengo cha kompyuta ni mama wa makamo mwenye jozi mbili za miwani, moja machoni na nyingine kichwani, na hatumii neno moja zaidi ya linalohitajika. Fundi wa kebo huyatumia maneno yote anayoyabakiza yeye. Wa tatu ni mimi, mwaka wa mwisho wa sayansi ya kompyuta, mwenye wiki kumi na mbili za mafunzo kwa vitendo.

Kabla sijakaa Mkuu aliniambia, "Nafasi ya mwandishi wa programu iko wazi tangu mwaka jana. Ukifanya kazi nzuri, jina lako nitalipeleka kwa mkurugenzi mimi mwenyewe."

Nilijibu "Asante, mama" kwa sauti ya mtu mtulivu. Moyoni niliitaka nafasi hiyo papo hapo, mpaka nikajishangaa. Wanne niliokuwa nikisoma nao chumba kimoja, waliomaliza mwaka jana, wako nyumbani kwao wanatuma barua za maombi na kujibiwa kimya. Mimi sitaki kimya.


Jumatano, 5 Machi

Fundi aliniomba koleo mara tatu. Nilimpa mara ya nne. Kuanzia leo naitwa Mawazo.


Ijumaa, 7 Machi

Nimepewa mfumo wa foleni. Nauandika hapa kwa maneno mepesi, kwa sababu mama mdogo, ninayekaa kwake, ameniuliza jioni ninafanya nini huko na nimemjibu vibaya.

Mgonjwa akiingia anachukua tiketi yenye namba kwenye mashine mlangoni. Anakaa. Zamu yake ikifika, sauti inaita namba na dirisha. Juu ya kila dirisha kuna kiskrini kinachoonyesha namba iliyoitwa na kuhesabu sekunde kurudi nyuma. Mgonjwa akifika kabla ya sifuri, karani anabonyeza kitufe na kazi inaendelea. Asipofika, mfumo unamwandika "hayupo", unamwita mwingine, na yeye anarudi mlangoni kuchukua tiketi mpya.

"Basi hiyo ndiyo kazi?" mama mdogo aliuliza, mdomo umejaa pini. Anashona sare za shule sebuleni, na sebule yote ni nusu-mashati. "Kuita watu?"

"Kuita watu kwa mpangilio, mama."

"Mimi naita watu bure kila siku na hawaji."


Jumanne, 11 Machi

Programu hii aliiandika kaka mmoja aliyeondoka mwaka jana. Sijawahi kumwona, lakini baada ya siku mbili za kuisoma nahisi namjua kuliko watu wengi ninaosalimiana nao. Vitu vyake amevipa majina kamili, mgonjwa_anayefuata, dirisha_lililo_wazi, pale ambapo sisi wengine tungeandika herufi mbili tukaenda zetu. Kabla ya kila sehemu ngumu anaruka mstari, kama mtu anayevuta pumzi. Katika kurasa zote ameacha maelezo mara moja tu: "hapa taratibu."

Hapa taratibu! Nimeisoma mara kumi. Nimemwona akiwa na shati lililopigwa pasi, mtu asiyecheka kwa sauti, anayepisha watu mlangoni.

Halafu nimekuta namba. Muda wa kumsubiri mgonjwa kabla ya kumwandika "hayupo" ni sekunde 97. Wala si tisini, wala si mia. Hakuna maelezo. Chuoni tulifundishwa kwamba namba ikikaa peke yake ndani ya programu bila sababu, hiyo ni dosari. Nimemuuliza Fundi.

"Mdogo wangu," alisema akiwa chini ya meza, "kitu kinachotembea hakiulizwi kinakwenda wapi."

Nimerudi nyumbani kwa miguu nikiwaza tisini na saba. Nimepita mlango wetu, nimefika mpaka kwenye duka la vioo, nimejiona kwenye vioo sita vya kuuzwa, ndipo nikageuka.


Ijumaa, 14 Machi

Daftari la kijani limesainiwa. Mkuu ameandika "Vema." Nimelitazama neno hilo mpaka wino umekauka.


Jumatatu, 17 Machi

Mvua ya kwanza. Paa la ukumbi ni la bati, na kwa robo saa hapakusikika kitu kingine duniani. Chini watu waliinua nyuso zao wote pamoja. Nilisimama kiooni nikasahau kwamba nipo kazini.


Alhamisi, 20 Machi

Mkuu ametoka kwenye kikao amekunja uso. Wakubwa wanalalamika kwamba wagonjwa wanasubiri mno, wastani saa mbili na dakika kumi tangu kuchukua tiketi hadi dirishani. Daktari hawezi kuongezwa, dirisha haliwezi kuongezwa. "Angalia kwenye mfumo," aliniambia. "Palipo na mwanya, punguza."

Nilijua pa kwenda. Sekunde tisini na saba za kumsubiri mtu ambaye pengine ameshaondoka! Lakini nilitaka kuwa mtu wa vipimo. Nikainuka, nikatembea kutoka mezani kwangu mpaka mwisho wa korido na kurudi, nikijipima kwa simu. Sekunde ishirini na mbili. Nikaongeza nane za huruma. Nikaandika 30.

Nilimwomba radhi kimoyomoyo yule kaka. Kisha nikahifadhi.


Ijumaa, 21 Machi

Kimya. Mfumo unakimbia.


Ijumaa, 28 Machi

Wastani wa wiki: saa moja na dakika ishirini na tano.

Mkuu aliisoma mara mbili, akashusha miwani ya kichwani juu ya ile ya machoni, akaisoma tena. "Dakika arobaini na tano," alisema. "Umefanya nini?"

"Nimepunguza muda wa kusubiri wasiokuwepo, mama."

Alicheka. Sikujua ana mwanya kati ya meno ya mbele. Fundi alinipigia saluti akiwa na bisibisi. Mchana wote nilikuwa mwepesi, nikaelea kwenye korido, nikamsalimia daktari mmoja mara mbili. Nilijiona mwaka kesho kwenye meza hii hii, na kikombe changu, na ufunguo wa kabati la seva ukining'inia shingoni.

Mama mdogo ameniuliza kwa nini natabasamu na sahani tupu.


Jumatano, 2 Aprili

Mvua siku ya tatu mfululizo. Paa linavuja juu ya benchi za mbele, kwa hiyo wahudumu wamezisogeza zote nyuma, kwenye ukuta wa mbali. Kutoka juu ukumbi unapendeza zaidi, una uwanja mtupu katikati unaong'aa maji.


Jumatatu, 7 Aprili

Saa moja na dakika kumi na nane. Mkuu amenipa kiti chenye mgongo.


Jumatano, 9 Aprili

Leo nimeshuka. Ni mara ya kwanza, nimeona aibu kuandika hivyo, wiki ya sita hii. Mashine ya tiketi ilikwama karatasi na Fundi alihitaji mtu wa kumshikia kifuniko.

Foleni ya kwenye mashine ilikuwa ndefu kuliko nilivyotegemea. Tena wengi walikuwa na tiketi tayari mkononi. Nilidhani hawajaelewa. Nikamwambia mzee aliyekuwa mbele, kwa upole wa mtu mwenye kitambulisho shingoni, "Shikamoo mzee. Wewe una tiketi, kakae tu, utaitwa."

"Marahaba, binti. Nimeitwa."

"Mbona hukwenda?"

"Nilikwenda," alisema.

Ana mikono mipana yenye makovu ya saruji. Ameniambia alikuwa mwashi miaka arobaini, na kwamba magoti yake ameyaacha kwenye nyumba za watu. Anatembea na mkongojo mmoja. Nilimwangalia akichukua tiketi, akirudi kule ukutani zilikohamishiwa benchi. Alipita pembeni kukwepa maji yaliyotuama katikati, akishika nguzo moja hadi nyingine. Alikaa. Bati lilikuwa linapigwa na mvua, na ile sauti ya mwanamke sikuisikia kabisa, ingawa naijua kwa moyo.

Nilipanda ngazi polepole. Fundi aliniuliza kama nimepigwa shoti.


Alhamisi, 10 Aprili

Nimehesabu. Kabla ya tarehe ishirini Machi, waliokuwa wakiandikwa "hayupo" kwa siku walikuwa kumi, kumi na mmoja. Sasa ni mia na thelathini. Jana walikuwa mia na hamsini na mbili.

Kila mmoja wao akichukua tiketi mpya, saa yake inaanza upya. Mzee mwashi aliyekaa tangu asubuhi, kwenye taarifa yangu, ni watu watatu: wawili hawakuwepo, na mmoja amesubiri dakika arobaini. Hivyo ndivyo wastani ulivyoshuka. Sikufupisha foleni. Nilifupisha kumbukumbu ya foleni.

Kwenye daftari la kijani nimeandika: "Uchambuzi wa takwimu."


Ijumaa, 11 Aprili

Nilitaka kumwambia Mkuu. Alikuwa na wageni.


Jumatatu, 14 Aprili

Sijasema. Pengine ni mvua tu. Mvua ikiisha benchi zitarudi mbele.


Alhamisi, 17 Aprili

Sijasema.


Jumanne, 22 Aprili

Mkuu ameniita nikakaa karibu naye. Taarifa itasomwa mbele ya mkurugenzi tarehe kumi na sita Mei, na juu ya ukurasa wa kwanza ameweka jina langu. Jina lote, pamoja na la babu.

"Huko juu hawaajiri mtu," alisema. "Wanaajiri karatasi. Hii ndiyo karatasi yako."

Mwanzoni nilimdhani mama huyu ni wa barafu. Leo nimemwona akilikuza jina langu liwe kubwa kidogo kuliko lake. Nikasema asante. Naona aibu kuandika kwamba nilifurahi, lakini nilifurahi, na furaha ilikaa nami mpaka kwenye ngazi, ambako niliisikia sauti ikiita namba na sekunde thelathini zikaanza kupungua ndani ya kifua changu. Nilizihesabu. Zinaisha haraka sana.


Jumatatu, 28 Aprili

Nimeshuka wakati wa chai, nikakaa benchi la nyuma kama mgonjwa. Mzee mwashi alikuwepo. Alinikumbuka, akanisogezea nafasi.

Alikuwa na tiketi nne kwenye mfuko wa shati, amezikunja pamoja. Tatu ni za siku moja ya wiki iliyopita. Siku hiyo madirisha yalifungwa hajafika kwa daktari, akarudi nyumbani bila dawa zake za presha. Alinionyesha bila hasira, akanyoosha kila moja juu ya paja.

Nikamuuliza kwa nini hakulalamika.

"Nilalamikie nini, binti? Mashine inaita vizuri. Mimi ndiye ninayechelewa." Akacheka kidogo. "Nimeanza kukaa huku ukingoni ili niwahi. Na nyumbani nafanya mazoezi ya kuinuka. Mke wangu anaita namba, mimi nainuka."

Nilitazama mbele, kwenye viskrini vidogo, vikihesabu thelathini, ishirini na tisa, ishirini na nane. Kutoka pale chini vinaonekana vikali.

Sijui jinsi nilivyofika nyumbani. Najua nililowa. Mama mdogo alinivua viatu kama mtoto, akanikalisha katikati ya mashati, nami nikamweleza yote, kiti, jina, mia na hamsini na mbili, mzee na mke wake anayeita namba. Alishona mpaka mwisho wa mshono ndipo akaongea.

"Mimi nikikata kitambaa kifupi, mwanangu, yule mtoto shuleni anaambiwa amekua haraka. Hakuna anayenijia mimi." Akakata uzi kwa meno. "Lakini mimi najua."

"Sasa nifanye nini?"

"Umeniuliza au umeniambia?"


Ijumaa, 2 Mei

Nimempata kaka wa tisini na saba. Fundi alikuwa na namba yake ya simu muda wote. Hakuna aliyemuuliza.

Nilijiandaa. Nilitaka kumwomba radhi, na nilitaka anieleze: alikaa ukumbini siku ngapi, alimpima nani, ni mama yake au ni bibi mmoja mwenye mguu mbaya aliyempa zile saba za mwisho. Nilishaanza kumwona bibi mwenyewe. Nilisimama kwenye korido, moyo unadunda kama naposa.

Alipokea kukiwa na kelele na vicheko nyuma yake. Anafanya kazi kwenye kampuni ya michezo ya simu. Alikuwa anatafuna.

"Tisini na saba?" alisema. "Hebu ngoja. Aaah! Ile! Sehemu ya sekunde kwenye viskrini vile ina tarakimu mbili tu, dada. Tisini na tisa nilishaitumia kumaanisha dirisha limefungwa. Tisini na nane ilikuwa ya majaribio. Ikabaki nini?"

"Tisini na saba."

"Basi ndiyo hiyo. Nilichukua kubwa iliyobaki, nikaenda kula."

Nilihamishia simu sikio la pili. Kisha nikauliza ule mstari wa "hapa taratibu" ulimaanisha nini.

"Mtandao wenu, dada! Ulikuwa unajikokota, nikawa najikumbusha nisibonyeze mara mbili. Bado ni vile vile? Vipi, foleni imeharibika?"

"Hapana," nilisema. "Haijaharibika yenyewe."

Nimekaa kwenye ngazi muda mrefu. Nimecheka, halafu nimelia kidogo, halafu nimecheka tena. Hakuwahi kushuka hata mara moja. Watu walikuwa wakifika dirishani kwa miaka mitatu kwa sababu kiskrini kilikuwa kidogo na mtu alikuwa na njaa. Hakuna mwenye huruma aliyenitangulia humu, wa kumrudishia namba yake nikaosha mikono. Ikiwa hawa watu watasubiriwa, itabidi mtu aamue kuwasubiri.


Jumatatu, 5 Mei

Nimemweleza Fundi. Hakutania. Ameniuliza tu, "Tunaanza saa ngapi?"


Jumatano, 7 Mei

Siku tatu tumepima. Fundi anasimama dirishani na ngazi yake ili aonekane ana kazi, mimi nakaa nyuma na simu. Namba ikiitwa nabonyeza, mtu akigusa dirisha nabonyeza. Watu mia mbili na kumi na wanane.

Kijana mwenye mkono uliofungwa: sekunde kumi na moja. Mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi: hamsini na nne, kwa sababu wa mkononi aliona maji. Bibi mmoja asiyeona vizuri aliuliza njia kwa watu wawili: mia na kumi na tisa. Nimeijua hewa ya mle ndani sasa, nguo mbichi na dawa ya sakafu. Nikifumba macho naona ukumbi wote na kila mtu ana mstari wake mwembamba unaomvuta kuelekea dirishani, mwingine mfupi, mwingine unazunguka nguzo.

Hata tisini na saba haikutosha. Watu kumi na wawili kati ya hao wangeikosa.


Jumatatu, 12 Mei

Nimesema.

Niliingia kabla Mkuu hajaweka mkoba chini. Nilikuwa nimeyapanga maneno lakini yalitoka ovyo, mwisho kwanza. Nilimwambia wastani si wa kweli. Nilimwambia watu mia na thelathini kwa siku wanaandikwa hawapo wakati wapo, wanatembea. Nikamwekea mbele karatasi ya vipimo.

Alisoma. Akavua miwani yote miwili, akaiweka mezani, na bila miwani alionekana mdogo na mchovu.

"Umejua tangu lini?"

Hilo ndilo swali nililoliogopa.

"Tarehe kumi Aprili, mama."

"Mwezi mzima."

"Mwezi mzima."

"Kila siku ya mwezi huo umekaa hapo, kwenye kiti nilichokupa."

"Ndiyo, mama. Nilikuwa naitaka kazi."

Hakunifokea. Ningefurahi angenifokea. Alisema, "Na mimi nilikuwa naitaka ile namba. Nilikuuliza umefanya nini, ukanijibu nusu, nikaridhika na nusu." Akainuka. "Twende."

Tulishuka. Akachukua tiketi kama mtu yeyote, akakaa benchi la ukutani, mkoba mapajani. Mvua ilianza. Tulikaa saa moja na robo. Namba yake ilipoitwa hakuisikia, nami sikumwambia. Aliiona kwenye kiskrini zimebaki sekunde kumi na nne. Akainuka haraka, akateleza kwenye maji, akajishika kwenye nguzo ile ile anayoshika mzee mwashi. Alipofika dirisha la tano karani alishaita mwingine. Karani alipomtambua alisimama wima, akaanza kuomba samahani.

"Usiniombe radhi mimi," Mkuu alimwambia. "Kaa."

Akarudi mlangoni kuchukua tiketi mpya, mbele yangu, akakunja ile ya zamani akaitia mfukoni.

Ghorofani alivaa tena miwani. "Rekebisha leo. Ijumaa utasoma taarifa wewe mwenyewe, na vipimo hivi. Jina lako linabaki juu." Kisha akaongeza, "Unaelewa watakavyoisoma."

Naelewa. Nimeweka sekunde mia na hamsini. Tarakimu za sekunde nimezifuta kwenye viskrini, hakuna tena anayehesabiwa mbele ya watu. Na anayekosa zamu anabaki na tiketi yake na nafasi yake. Ilinichukua saa tatu. Mikono ilikuwa imetulia kabisa.


Ijumaa, 16 Mei

Meza ndefu, watu tisa, maji ya chupa. Nilisimama. Mwanzoni niliwaona kwa mbali, kama nawatazama kupitia kile kioo chetu, midomo na tai. Kisha nikasema idadi ya kwanza na wakawa karibu.

Nilipomaliza, mkurugenzi aligeuza ukurasa nyuma na mbele. "Kwa hiyo, binti, foleni imerudi kuwa ndefu."

"Haikurudi, mheshimiwa. Haikuwahi kuondoka. Mimi ndiye niliyeacha kuihesabu."

Mtu mmoja alikohoa. Mwingine akauliza kwa nini mwanafunzi aliachiwa mfumo mzima, na Mkuu akasema, "Nilimwachia mimi. Andikeni mimi." Akasema pia benchi zirudi mbele na paa litengenezwe, na kwamba ombi la paa liko mezani kwao tangu mvua za mwaka juzi.

Walitushukuru. Nimejifunza leo kwamba mtu anaweza kushukuriwa na mlango ukafungwa kwa pumzi hiyo hiyo.


Jumatano, 21 Mei

Barua imekuja. Nafasi ya mwandishi wa programu imeahirishwa mpaka itakapotangazwa tena. Jina langu halimo. Nimeikunja mara mbili. Inauma, sitaki kujifanya haiumi; nimeosha uso chooni mara mbili na Fundi amenitengenezea chai yenye sukari ya watu wanne, bila utani wowote.

Mkuu amejaza fomu ya chuo. Kwenye "uaminifu" ameacha wazi siku nzima. Jioni ameandika: "Alichelewa. Alifika."


Ijumaa, 23 Mei

Siku ya mwisho. Mvua imepungua, inadondoka moja moja kwenye bati. Nimerudisha kitambulisho, nimeaga, Fundi amenipa bisibisi yake ndogo na kusema nisije nikampa mtu kabla hajaomba mara nne. Sina kazi Jumatatu. Nilishuka ngazi nikijua hivyo kwa kila kipandio.

Nikakaa ukumbini, benchi la nyuma. Sikuwa na haraka, na nilipenda kuusikia ukumbi mara moja zaidi.

"Namba mia na themanini na moja, dirisha la sita."

Mzee mwashi aliinuka. Alikuwa mbali kabisa, upande wa ukuta. Aliweka mkongojo, akapumzika, akaweka tena. Mtu alimpisha, akasimama kumshukuru, wakaulizana habari. Nguzo ya kwanza. Nguzo ya pili. Kiskrini juu ya dirisha la sita kilikuwa kinaonyesha namba yake tu, bila kitu kingine. Nilikuwa nimeushika ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili. Akafika. Karani akabonyeza, akamsalimia.

Alipotoka kwa daktari na karatasi yake ya dawa aliniona, akaja polepole akakaa pembeni yangu kupumzisha magoti.

"Umepita, mzee," nilisema.

"Nimepita, nimepita." Alitikisa kichwa, akainamisha mdomo karibu na sikio langu ili asiwaaibishe wenye hospitali. "Lakini wewe si unafanya kazi huko juu? Waambie wenzako wakague mitambo. Mwezi uliopita ilikuwa inakimbia kweli kweli. Siku hizi mashine yenu imekuwa nzito, unafika dirishani bado inakusubiri."

"Nitawaambia," nikasema.

"Waambie," akasema, akapiga goti lake kwa furaha. "Mimi mazoezi yale ya nyumbani yamenifaa. Sasa nawahi."